Umepiga Windows mpya au umehamia Linux? Hakuna mfumo salama asilimia 100, ila hivi ndo unavyoukaribia

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu yake imejaa virusi mpaka inachukua dakika kumi kuwaka, mitihani ya kidato cha tatu yote imo ndani na hana kopi popote. Nikamwokolea mafaili, nikafuta diski yote, nikampigia mfumo mpya kabisa. Wakati anaondoka akaniuliza, "Sasa fundi, si ndo imeshakuwa salama, haitaingia kitu tena?" Nikamwambia mwalimu hebu kaa kwanza tuongee. Tulikaa karibu lisaa zima, na yale aliyoyaandika kwenye daftari lake ndo nataka nikuandikie na wewe, maana hilo swali naulizwa kila siku na watu wengi wanaondoka kwa mafundi na jibu la uongo.

Jibu ni hapana. Uwe mpya uwe wa zamani, wa kulipia au wa bure, hakuna mfumo endeshi (kama Windows, au Linux ule wa bure) ulio salama asilimia 100 na sitegemei kuuona. Mtu akikuuzia kitu kwa maneno hayo, shika hela yako vizuri. Lakini kutoka hapo kuruka mpaka "basi hamna haja ya kujisumbua" ni kosa baya zaidi, kwa sababu mashine iliyoachwa hivihivi na mashine iliyokaliwa chini masaa mawili ikawekwa sawa hazifanani kabisa, moja itarudi kwangu baada ya wiki tatu na nyingine siioni tena mpaka siku ya kubadilisha betri.

Kwa nini haiwezekani

Hii usiiruke ukakimbilia hatua, maana ukiielewa utajua nguvu uziweke wapi.

Mfumo endeshi ni maandishi yaliyoandikwa na watu. Kiini cha Linux peke yake, ile kerneli, kimeshapita mistari milioni 30. Watu wengi wanadhani mpya maana yake imara, kama bati jipya, kumbe programu ni kinyume chake kidogo, mistari mipya ndo ile ambayo bado haijasukwasukwa na wabaya kwahiyo makosa yake bado yamelala humo hayajaonekana. Na ya zamani nayo sio kwamba imetakata, Septemba 2014 liligundulika tundu kubwa kwenye Bash, ile programu ya kupokea amri kwenye Linux na Mac, na ukifuatilia unakuta limekaa humo tangu 1989. Miaka 25 watu wanapita juu yake.

Kuna waliojaribu kufika mwisho kabisa na mi nawaheshimu sana. Mwaka 2009 watafiti wa NICTA kule Australia walimaliza kuthibitisha kiini kidogo kinaitwa seL4, na nikisema kuthibitisha namaanisha kwa hesabu, kama ulivyokuwa unathibitisha kwenye jometri kwamba pembe hii ni sawa na ile. Kiini chenyewe ni kama mistari 8,700 tu ya lugha ya C, ila uthibitisho wake ulifika kama mistari 200,000. Sasa piga picha unataka kufanya hivyo kwa mistari milioni 30. Na hata wao wenyewe wanasema waziwazi kwamba uthibitisho wao unaanza kwa kuamini kuwa prosesa iliyo chini, ule ubongo wa kompyuta, inafanya kazi kama ilivyoandikwa.

Januari 2018 ndo tukajua hiyo imani ina bei gani. Zikatangazwa Meltdown na Spectre, matundu ambayo hayakuwa kwenye Windows wala Linux, yalikuwa kwenye prosesa zenyewe. Prosesa za kisasa huwa zinaotea kazi inayofuata ili ziende haraka, zikikosea zinaitupa ile kazi, ila katika kuitupa zilikuwa zinaacha alama ambazo programu nyingine ingeweza kuzisoma na kupata siri zisizo zake. Yani mfumo wako umeandikwa bila kosa hata moja na bado unavuja kutokea chini.

Alafu kuna swali la waliouandika na vifaa walivyotumia. Ken Thompson, mmoja wa waliotengeneza Unix (mfumo wa zamani ambao Linux iliuiga), kwenye hotuba yake ya tuzo ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984 alieleza jinsi kompaila, ile programu inayogeuza maandishi kuwa kitu mashine inachokielewa, inavyoweza kuchezewa ikawa inapachika mlango wa uani, yani njia ya siri ya kuingilia, kwenye programu ya kulogini, na ikijitengeneza upya inajipachika tena yenyewe, kiasi kwamba ukisoma maandishi yote mstari kwa mstari huoni kitu. Wengi waliichukulia kama fumbo la darasani.

Miaka 40 baadaye likaja tukio la xz. xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, ipo karibu kwenye kila Linux na hakuna mtu anayeifikiria. Machi 2024 jamaa anaitwa Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye PostgreSQL (programu ya kutunza data), akaona kulogini kwa SSH, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Mtu mwingine angelaumu intaneti. Yeye akafuatilia mpaka akakuta mlango wa uani umefichwa ndani ya xz toleo la 5.6.0 na 5.6.1, tarehe 29 akatangaza. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na hakuvunja dirisha wala nini, alikuja kama msaidizi, akasaidia mradi zaidi ya miaka miwili mpaka akakabidhiwa funguo. Kikulacho ki nguoni mwako. Ilikuwa imeshafika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina za Linux, bado kidogo iingie kwenye maseva ya kawaida duniani.

Na mwisho kuna sisi tunaobonyeza. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaujua, simu haijaingiliwa, mtandao hauna tatizo, namba ya siri iko salama, na hela inaenda, kwa sababu mwenye simu ameamuru iende. Hakuna mfumo endeshi unaoweza kumkatalia mwenye nyumba asifungue mlango wake.

Kwahiyo badala ya kuuliza "ni salama?" jiulize salama dhidi ya nani, na kikitokea kitu nitapoteza nini. Mwalimu wangu hawindwi na jasusi wa nchi yoyote, anawindwa na virusi vya flashi, programu za kukraki (za kuvunja leseni ili usilipe) na wezi wa laptopu kwenye daladala. Hatua zinazofuata ni za watu kama yeye, ambao ni wengi wetu. Kama we ni mwandishi wa habari au wakili mwenye kesi nzito, hizi ni mwanzo tu, tafuta mtu wa kukaa na wewe ana kwa ana.

Anza na faili unaloinstolia

Hapa ndo nataka ukae sana kuliko pengine popote, maana mfumo ukiingia tayari umeoza, hatua nyingine zote ni kupaka rangi nyumba yenye mchwa.

Windows chukua kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, Linux chukua kwenye tovuti ya waliotengeneza. Usichukue kwenye grupu la Telegram, usichukue kwenye flashi ya fundi ambaye hajui ameitoa wapi. Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa na flashi ya hivyo, nilipewa na fundi mwenzangu, nikapiga mashine nyingi tu kwa ile flashi mpaka siku dada mmoja mwenye duka la nguo akarudi analia, akaunti yake ya Facebook anayouzia imechukuliwa, na nilipochunguza nikakuta kitu kilikuwa kinaanza chenyewe kila mashine ikiwaka, kimo ndani ya ile Windows niliyompigia. Niliwatafuta wateja wote niliokuwa na namba zao nikawarudia kazi bure. Wengine sikuwapata.

Na hata tovuti halali inaweza kuingiliwa. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, moja ya aina za Linux, ilivamiwa, wavamizi wakabadilisha linki ya kupakulia toleo la 17.3 Cinnamon ikawa inapeleka watu kwenye ISO (lile faili la kuinstolia mfumo) yenye mlango wa uani. Watu walikuwa wamefanya kila kitu sawa, wameingia tovuti halisi, wamebonyeza palepale panapotakiwa. Aliyepona ni yule aliyekagua faili kabla ya kuinstoli.

Kukagua ni dakika mbili. Kila ISO ya maana inatolewa na namba ndefu ya kuitambulisha inaitwa SHA256, ni kama alama ya kidole, faili likibadilishwa hata herufi moja namba yote inageuka. Kwenye Windows fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, nenda kwenye folda lenye faili, andika:

certutil -hashfile jinalafaili.iso SHA256

Kwenye Linux ni:

sha256sum jinalafaili.iso

Alafu linganisha na namba iliyo kwenye tovuti, yote, sio herufi nne za mwanzo na nne za mwisho. Isipolingana futa, pakua upya. Na kwa kuwa aliyevamia tovuti anaweza kubadilisha na hiyo namba pia, angalia namba hiyohiyo kwenye sehemu ya pili, miradi ya Linux ina vioo vingi (mirrors, yani nakala za mafaili yao) kwenye vyuo vikuu duniani, au kama unaweza, kagua sahihi ya GPG, yani sahihi ya kidijitali ya wenye mradi, ambayo mvamizi hawezi kuigushi bila ufunguo wa wenye mradi.

Ukiinstoli futa diski yote, usiweke mpya juu ya ya zamani. Mafaili yako yatoe kwanza.

Zile programu za kuaktiveti

Najua bei ya leseni, najua mshahara wa mwalimu. Lakini angalia ile programu ya kukraki inakuomba nini kabla haijafanya kazi: inakuambia zima Defender, ile antivairasi ya Windows yenyewe, kwanza, alafu ibonyeze kwa haki za admini. Yani unamfukuza mlinzi, unampa mgeni funguo zote, alafu unaondoka. Hata kama wa leo alikuwa mwema huwezi kujua. Kama hela ya Windows na Office haipo, Linux Mint na LibreOffice (inayofanya kazi za Office) ni bure kabisa na ni halali, mwalimu ameshazoea ndani ya wiki moja, mitihani anaandika kama kawaida na akitaka kuprinti nje anatoa PDF. Mi nasema bora mfumo wa bure ulio safi kuliko wa bei mbaya uliokrakiwa, na hapo sibadilishi msimamo.

Apdeti, na habari ya bando

Mashine ikishawaka mara ya kwanza, kabla hujaingia popote, apdeti. Ile ISO imetengenezwa miezi kadhaa nyuma, na kila tundu lililogunduliwa tangu hapo liko wazi kwako.

Ukitaka kujua uzito wa hili kumbuka virusi vya WannaCry, vilivyoingilia tundu moja la Windows. Microsoft walitoa kiraka, yani apdeti ya kuziba, cha lile tundu 14 Machi 2017. Virusi vikaanza kusambaa 12 Mei 2017, karibu miezi miwili baadaye, vikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwepo muda wote huo, ipo bure, watu hawakuibonyeza.

Sasa kwetu tatizo ni bando. Watu wengi wameweka intaneti ya simu kama "metered" (ya kuhesabiwa) kwenye Windows ili isile MB, na hiyo inafanya kazi kweli, ila pia inazuia apdeti nyingi zisishuke zenyewe, kwahiyo unakuta mashine ina mwaka mzima haijapata kiraka na mwenyewe hajui. Fanya hivi, iache metered siku za kawaida, alafu chagua usiku mmoja kila mwezi wenye bando la bei nafuu au wifi ya ofisini, uitoe, ufungue Windows Update ubonyeze Check for updates, uiache mpaka imalize na iwake upya. Microsoft huwa wanatoa viraka vyao vikubwa Jumanne ya pili ya mwezi, kwahiyo wikiendi inayofuata ndo wakati mzuri. Linux Mint ina Update Manager, ile ngao ndogo kule chini kulia, ikiwa na kitone ujue kuna kazi.

Kama bado uko Windows 10, jua kwamba apdeti za kawaida ziliisha 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya kujiandikisha kwa watu wa nyumbani inayofika Oktoba 2026, baada ya hapo mashine yako itaendelea kuwaka vizuri tu na matundu mapya yatabaki wazi. Kama laptopu haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11, usitafute njia ya kulazimisha, weka Linux.

Akaunti mbili

Akaunti ya kwanza unayotengeneza wakati wa kuinstoli Windows ni ya admini. Wengi wanaishia hapo na kuishi humo miaka yote. Tengeneza ya pili ya kawaida, ndo uingie nayo kila siku, ile ya admini iwe na paswedi yake tofauti na uitumie pale tu unapoinstoli kitu. Siku programu ya ajabu ikitaka kujichimbia ndani, italazimika kukuomba paswedi ya admini, na hapo ndo unashtuka "mbona nafungua picha tu inataka paswedi ya nini?"

Nisikufiche hapa, hii haizuii kila kitu. Virusi vinavyoteka mafaili havihitaji uadmini kufunga mafaili yako mwenyewe, vinatumia haki zako zilezile za kuyafungua. Ndo maana bakapu iko chini kule.

Kwa wa Linux, usikopi amri yenye sudo (inayoipa amri haki za admini) kutoka popote ukaibandika bila kujua inafanya nini. Hakuna tofauti na kubonyeza exe, yani faili la programu la Windows, usiloijua ilikotoka.

Flashi

Huyu ndo adui wa mwalimu. Alipeleka flashi steshenari kuprinti, ikarudi na kile kinachoitwa virusi vya shotikati, mafolda yote yamefichwa na badala yake kuna vijishotikati vyenye majina yaleyale, ukibonyeza kimoja folda linafunguka kweli ila kwa nyuma virusi navyo vimeingia kwenye mashine.

Kwenye Windows fungua folda lolote, nenda View, washa kuonyesha File name extensions. Hapo utaona jina kamili, kitu kinachojiita MTIHANI.docx kumbe ni MTIHANI.docx.exe. Zima AutoPlay. Na flashi ikishapatwa usiibonyeze ndani, fungua Command Prompt, kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yako ya kweli yataonekana, kopi nyaraka zako tu, usichukue exe wala shotikati, alafu fomati flashi. Ukiweza kuifanya kazi hii kwenye mashine ya Linux ni bora zaidi, maana virusi vya Windows huko havina pa kukimbilia. Na ukienda kuprinti peleka PDF, kwenye flashi isiyo na kitu kingine.

Kuhusu antivairasi, kwenye Windows Defender iliyokuja nayo inatosha kwa mtu wa kawaida, usirundike tatu. Programu ya ulinzi inaingia ndani kabisa ya mfumo, nayo ikikosea inaanguka na nyumba nzima, tuliona 19 Julai 2024 apdeti moja yenye kosa ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi, ikaangusha kompyuta kama milioni 8.5 za Windows, ndege zikasimama viwanjani.

Mwizi wa laptopu

Paswedi ya kuingilia haimzuii mwizi, anatoa diski anaichomeka kwingine anasoma kila kitu. Fanya usimbaji (encryption) wa diski nzima, yani data igeuzwe isisomeke bila ufunguo, kwenye Linux Mint weka tiki wakati wa kuinstoli, kwenye Windows ni BitLocker au ile Device encryption. Angalia hata kama hujawahi kuiwasha, kuna laptopu zinaiwasha zenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Kuna ufunguo wa tarakimu 48 wa kufungulia siku mambo yakiharibika, uandike kwenye karatasi uweke na vyeti vyako vya shule. Nimeshakaa na mzee wa watu ana picha za mkewe marehemu kwenye diski iliyosimbwa na ufunguo haujulikani uliko, na hakuna fundi duniani ambaye angemsaidia. Usiwashe kabla hujaandika.

Bakapu

Kwa kuwa tumeshakubaliana kwamba siku moja kitu kitapita, hii ndo inayoamua kama siku hiyo utalia au utapiga mfumo upya ukaendelea na kazi. Tafuta diski ya nje hata ya mtumba, kopi mafaili yako kwa siku unayoijua, alafu ICHOMOE. Iliyoachwa imechomekwa itatekwa pamoja na mashine. Na mara moja kwa mwezi ichomeke kwenye kompyuta nyingine unayoiamini ufungue faili moja au mawili uone kama yanafunguka, kwa sababu kuna watu wamekopi mwaka mzima kwenye diski iliyokufa.

Mwalimu amechagua Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho. Juzi alinitumia meseji kwamba amejaribu ile diski kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, mtihani wa Kiswahili umefunguka kurasa zote nne, ule wa Jiografia umefunguka ila ramani haionekani, nikamwambia arudie kukopi hilo folda la picha leoleo kabla hajafunga ofisi.